Umeme upo, je israfu imehalalika?

Katika miaka ya mgao wa umeme, kuanzia ule wa 2006 mabwawa yalipokauka, ule wa 2011, hadi ule ulioanza mwishoni mwa 2022, hapakuwa na haja ya kumhimiza mtu azime taa. Giza lenyewe lilikuwa mwalimu. Mama wa nyumbani alijua saa ya kupiga pasi, kinyozi alijua jenereta yake inakunywa petroli kiasi gani, na hata misikiti yenye viyoyozi ilikumbuka kuwa ina madirisha. Ubanaji ule tuliusifu kwa lugha ya dini. Tuliuita kujiepusha na israfu, na makhatibu wakausomea aya.

Kisha mambo yakabadilika. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kuzalisha, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa imekamilika, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Habari ya mgao wa nchi nzima ikaondoka midomoni mwa watu. Umeme bado hukatika mtaani, mara nguzo imeanguka, mara transfoma imezidiwa, lakini hayo ni mengine. Ninachotaka kukisema ni kuwa yale mawaidha ya israfu nayo yaliondoka pamoja na mgao. Leo ukimwambia mtu azime kiyoyozi anapotoka chumbani, anakutazama kama uliyelala tangu 2006. Umeme si upo?

Ndipo ninapouliza: kama tuliacha kubana matumizi siku ile umeme ulipopatikana, basi tulichokuwa tunakifanya kilikuwa dini, au ilikuwa shida tu iliyovishwa kanzu?

Ipo hadithi inayojulikana sana, aliyoipokea Ibn Majah, kwamba Mtume (saw) alimpitia Saad (ra) akitawadha, akamuuliza israfu hii ni ya nini. Saad akashangaa kuwa hata katika udhu kuna israfu. Akajibiwa kuwa ndiyo, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Nakiri kuwa wapo wanazuoni wa hadithi walioidhoofisha sanadi yake, na sipendi kujenga nyumba juu ya nguzo moja yenye maneno. Lakini maana yake inashikwa mkono na ile aliyoipokea Anas (ra), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (saw) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo mdogo, haufiki hata lita moja. Na mwenye kufanya hivyo ndiye ambaye Masahaba, lau angetaka, wangemletea maji ya Madina yote.

Mtazame huyo Saad na mto wake. Maji ya mto hayalipiwi. Hayapungui kwa udhu wa mtu mmoja. Hakuna jirani anayekosa, wala hakuna bili. Kila hoja tunayoitumia leo kuhalalisha matumizi yetu ilikuwepo pale mtoni, tena kwa nguvu zaidi, na haikukubaliwa. Kwa hiyo israfu haipimwi kwa uhaba wa kitu wala kwa uwezo wa mwenye nacho. Inapimwa kwa haja. Udhu una haja yake ya maji, na kinachozidi haja hiyo ni israfu, uwe jangwani au uwe ukingoni mwa Rufiji.

Sasa wako watakaosema, Rufiji yako hiyo haina gharama kwa Mwenyezi Mungu, lakini umeme mimi nimeununua. Hoja hii ya "nimelipa" imekuwa na nguvu zaidi tangu tulipoletewa mita za Luku. Zamani uliletewa ankara baada ya kutumia, na mtu alikuwa na hofu ya mwisho wa mwezi. Siku hizi unanunua uniti kwanza, kwa simu, ukiwa umekaa barazani. Uniti zikishaingia kwenye mita mtu anaziona ni zake kama unga uliomo kwenye pipa lake. Nani atamuuliza?

Jibu ni kuwa unga wa kwenye pipa pia unaulizwa. Katika Suratul-Israai, aya ya 26 na 27, wanaotapanya mali wanaitwa ndugu wa mashetani, na maneno hayo hayawahusu wezi. Yanawahusu watu wanaotapanya mali yao wenyewe, ya halali, waliyoilipia. Mwenye kutapanya ya mwenziwe ana jina jingine na hukumu nyingine. Kwa hiyo "nimelipa" si utetezi. Ni maelezo tu ya jinsi kosa lilivyotendeka.

Haya ni ya nyumbani kwa mtu. Msikitini hata hiyo "nimelipa" haipo, kwa kuwa aliyelipa siye anayewasha. Niruhusiwe kupiga hesabu kidogo, maana tumezoea kulizungumza jambo hili kwa hisia. Msikiti wa kadiri katika mji kama Dar es Salaam unaweza kuwa na viyoyozi sita vikubwa, vile vya BTU 24,000. Kimoja, kompresa yake inapofanya kazi, hula kama kilowati 2. Sita ni kilowati 12. Tuseme kompresa hupumzika theluthi moja ya muda, basi kwa saa moja msikiti umekula uniti 8. Swala ya Adhuhuri inakwisha, watu wanatoka kurudi makazini, viyoyozi vinaachwa vikiunguruma hadi Alasiri, takriban saa mbili. Ni uniti 16 kwa siku, uniti 480 kwa mwezi, kwa ajili ya kuyapoza mazulia.

Mteja mdogo wa umeme nchini mwetu, yule wa daraja la D1, ni mwenye kutumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Ndiye anayetozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na akizidisha bei inapanda. Familia hiyo ina taa tatu nne, redio, televisheni, simu za kuchaji, pengine friji ndogo inayozimwa usiku. Basi zile saa mbili za mazulia kwa mwezi zinatosha nyumba sita za namna hiyo kwa mwezi mzima, na zinabaki. Na kwa bei ya kawaida, ukijumlisha kodi, ni zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Fedha hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye kile kikapu kinachopitishwa Ijumaa, ambamo bibi muuza vitumbua ameweka mia tano yake. Bibi yule hakutoa mia tano ili zulia lipate baridi.

Kila Muislamu aliyepita madrasa amesimuliwa habari ya Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka wa 99 hadi wa 101 Hijria, kwamba alikuwa na taa ya Baitul-mali kwa kazi za umma, na mgeni alipoanza kumuuliza hali yake na ya watoto wake aliizima, akawasha taa yake mwenyewe. Tunaisimulia hadithi hii tukiwalenga mawaziri na wakurugenzi. Sijapata kusikia inasimuliwa katika mkutano wa kamati ya msikiti.

Katika msikiti ninaoswali mimi suala hili lilifika mezani kwa njia ya fundi. Alikuja kurekebisha waya, akapendekeza tufunge taima. Kwa ambao hawajaiona, taima ni saa ndogo inayofungwa kwenye njia ya umeme. Unaipangia iwashe saa ngapi na izime saa ngapi, nayo inatii. Ziko za bei ndogo za kuchomeka kwenye soketi, zinafaa kwa taa au feni ya mezani. Kwa viyoyozi vikubwa hizo hazifai, zitaungua. Fundi anafunga taima kwenye boksi kuu ikiongoza kontakta, yaani swichi nene inayobeba mzigo wenyewe. Alieleza vizuri, akataja na gharama, na kwa hesabu niliyoitoa hapo juu gharama hiyo ilikuwa inarudi katika miezi michache.

Akasimama mzee mmoja wa kamati, mtu ambaye elimu yake ninaiheshimu, akatoa pingamizi ambalo sikulitarajia. Hakupinga gharama. Alisema, "Maalim, hapa kwetu mtu akitoka akazima swichi kwa kumkhofu Mola wake, anaandikiwa. Mkifunga hiyo saa, nani ataandikiwa? Saa haina niya. Mtakuwa mmepata uniti, mmepoteza ibada. Na vijana wetu watazoea kuwa kuzima si kazi yao, kuna dude linazima."

Baadhi ya vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni swali gumu. Hadithi ya kwanza katika Sahihi Bukhari ni ile ya Umar (ra) kuhusu matendo na niya. Na wanazuoni wa usuli wamelijadili kwa kirefu suala la kuacha: je, kuacha jambo ni kitendo? Asiyekunywa pombe kwa sababu tu haijampitia akilini hana dhambi, lakini je, ana malipo ya yule aliyewekewa glasi mbele akaisukuma kwa ajili ya Allah (sw)? Wengi wanasema hana. Kwa kipimo hicho kiyoyozi kilichozimwa na saa ni kama pombe ambayo haikuletwa mezani. Hakuna aliyejizuia.

Lakini nadhani mzee alitazama sehemu moja ya jambo akaiacha nyingine. Saa haikujifunga yenyewe. Yupo aliyekaa siku moja, kichwa kikiwa kimetulia, akaamua kuwa haja ya ubaridi inaanza robo saa kabla ya adhana na inakwisha dakika kumi baada ya salamu. Uamuzi ule ndio wenye niya, na saa inaubeba tu. Anas (ra) amepokea, na iko katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kila ndege, mtu au mnyama anayekula humo ni sadaka yake. Mpandaji hakai chini ya mti akinuia kila ndege anapotua. Pengine amelala. Pengine amekwishakufa. Alinuia mara moja, na ndege wanaendelea kula. Kadhalika yule bedui aliyeuliza, katika hadithi ya Tirmidhi, amfunge ngamia wake au ategemee. Aliambiwa afunge kisha ategemee, wala hakuambiwa asimame akimlinda ngamia usiku kucha ili tawakali yake ionekane. Kamba ilifanya kazi ya kamba.

Isitoshe, sisi si watu wa kuviogopa vyombo vinavyojiendesha. Katika karne ya tatu Hijria pale Baghdad, watoto watatu wa Musa bin Shakir, Muhammad, Ahmad na Hasan, waliandika kitabu cha hila za ufundi, na miongoni mwa vyombo walivyovieleza ni taa inayojisukumia utambi wake yenyewe na taa inayojijazia mafuta. Hawakuonekana wanaiba thawabu za mtumishi wa taa.

Pamoja na hayo, sehemu ya pili ya maneno ya mzee, ile ya vijana kuzoea kuwa kuzima si kazi yao, imenikaa. Na nikitafuta ushahidi wake siupati kwetu, naupata Marekani.

Huko nyumba nyingi zina chombo kinachoitwa thamostati, kinachobandikwa ukutani, chenye kusikiliza joto la nyumba na kuamuru mtambo wa kupasha au kupoza ufanye kazi au upumzike. Zikatengenezwa thamostati za kupangiwa ratiba: watu wakienda kazini nyumba iachwe, wakikaribia kurudi ianze kutengenezwa. Kwa hesabu za karatasi ziliokoa umeme na gesi nyingi, na serikali ikazipa alama yake ya ubora, Energy Star, ili wananchi wazinunue. Lakini ikaja kuonekana kuwa majumbani akiba ile ilikuwa na mashaka makubwa. Watu walikuwa wananunua chombo, wanakibandika, hawakipangii ratiba. Au kimepangiwa, mtu anasikia joto jioni moja, anabonyeza kitufe cha kushikilia, na ratiba haifuatwi tena mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 2009 alama ile ikaondolewa. Ilikuja kurudi mwaka 2017 kwa thamostati za aina nyingine, zilizounganishwa na intaneti, na kwa masharti kwamba akiba yake ionekane kwenye nyumba zinazokaliwa na watu.

Hao walinunua saa bila kununua uamuzi. Ule mti wa sadaka ulibaki kwenye kopo, haukupandwa. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaodhani kuwa mzee alikuwa anapinga maendeleo. Alikuwa anasema jambo ambalo Marekani ililigundua kwa gharama kubwa. Mimi natofautiana naye katika dawa tu. Yeye anasema tusifunge saa ili niya ibaki hai. Mimi nasema tufunge, kisha tuulize kila mara nani ameamua nini kilichomo ndani ya saa. Kwa sababu saa hutii pia ujinga. Ukiipangia iwashe viyoyozi vyote Alasiri hadi saa nne usiku, kila siku, wawepo watu wasiwepo, itafanya hivyo kwa uaminifu, na aliyeweka mwenendo mbaya naye anaandikiwa kila unapofuatwa.

Na hapa niseme neno juu ya rimoti, maana ujinga mwingi umekaa humo. Mtu anaingia chumbani amelowa jasho, anaweka kiyoyozi nyuzijoto 16 akidhani kitapoza upesi zaidi kuliko akiweka 24. Kwa viyoyozi vingi vya kawaida hakipozi upesi zaidi. Namba ile haiongezi nguvu, inasema tu wapi kisimame. Ukiandika 16 umemwambia asisimame, kwa kuwa katika chumba chenye madirisha ya vioo vya nako na mlango unaofunguliwa kila dakika, 16 haifikiki. Kompresa inazunguka usiku kucha, na mwenye chumba amejifunika blanketi. Blanketi, Dar es Salaam, mwezi wa Februari! Serikali ya India iliamuru kuwa kuanzia Januari 2020 viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24, na idara yao ya matumizi ya nishati inasema kila nyuzi moja unayopandisha inapunguza takriban asilimia 6 ya umeme. Anayetaka kushusha anashusha, hajazuiwa. Ila sasa lazima anyanyue mkono.

Upande wa pili wa suala hili hauzungumzwi, nao unaniudhi zaidi kuliko kiyoyozi cha mazulia. Ubanaji una bwana na mtumwa. Ninajua nyumba ambazo baba amefunga taima, anajisifu kwa jirani kuwa ameshusha matumizi, lakini ukichunguza taima hiyo imefungwa wapi, utaikuta kwenye feni ya chumba cha msichana wa kazi. Saa nne usiku feni inazima. Chumba chenyewe kiko nyuma ya jiko, dirisha ni tundu moja. Chumba cha baba hakina taima. Wako pia wenye nyumba wanaowapangia wapangaji saa ya taa ya ngazi na ya pampu ya maji, na mzee wa ghorofa ya tatu anashuka akipapasa ukuta. Mtu huyu akiulizwa anasoma aya ya israfu. Basi na asome pia Suratul-Furqan, aya ya 67, inayowasifu waja ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawabani, bali wako katikati. Feni ya darini hula kiasi cha wati 70. Usiku mzima haifiki hata uniti moja. Aliyemnyima binti wa watu upepo wa wati 70 hakuokoa umeme. Amefanya ubakhili, tena dhidi ya asiyeweza kumjibu.

Na msikitini nako ni hivyo hivyo. Tulipokuwa tunabishana kuhusu viyoyozi sita vya ukumbi wa wanaume, hakuna aliyeutaja ukumbi wa kina mama, ghorofani chini ya bati, wenye feni mbili, moja ikizunguka kwa kusuasua. Niliposimama sikuanza na taima. Nilianza na hesabu: feni kumi za darini zikizunguka saa kumi kwa siku zinakula uniti 7. Mazulia yetu baina ya Adhuhuri na Alasiri yanakula 16. Yaani upepo wa mama zetu na dada zetu wa siku nzima tunaupata humo humo, na nusu na zaidi inabaki kwenye kikapu. Nikasema kwamba kama taima inafungwa ili kamati ipate akiba ya kununulia kiyoyozi cha saba cha wanaume, mimi siiungi mkono. Kuna Muingereza mmoja, Jevons, aliyeandika mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe kwamba injini zilipoanza kula makaa kidogo, nchi ilizidi kula makaa, kwa kuwa sasa kila mtu aliweza kuwa na injini. Akiba isiyokuwa na mwenyewe huliwa na tamaa ile ile iliyokuwepo.

Nikajibiwa na kijana mmoja kuwa misikiti ya Ghuba imejaa baridi usiku na mchana, na wao ndio wenye dini. Sijui hoja hii ina uzito gani kisheria, lakini hata kihabari imepitwa. Mwaka 2025 Kuwait, nchi ya mafuta, ilipozidiwa na mahitaji ya umeme, iliagiza matumizi yapunguzwe misikitini katika saa zinazofuata Adhuhuri na Alasiri, na maimamu wakatakiwa wasirefushe. Lakini hata wao, naona, walisubiri uhaba. Ni kama sisi na 2006 yetu. Mafuta yalipotosha hawakuulizana.

Suala lililobaki ni la nani anaishika saa, na hili si dogo kama linavyoonekana. Nyakati za swala hazisimami. Hata hapa kwetu karibu na Ikweta, Magharibi ya Dar es Salaam inatembea baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi na kitu jioni, katika miezi ya Mei na Juni, na saa moja kasoro dakika kumi hivi mwanzoni mwa mwaka. Ni tofauti ya zaidi ya nusu saa. Taima iliyopangwa Juni, Januari itazima watu wakiwa wanatawadha. Tena zile taima za kuzungusha kwa mkono, zisizo na betri, husimama umeme unapokatika. Umeme ukikatika saa tatu, saa inachelewa saa tatu, na inaendelea kuchelewa hadi mtu aifungue. Kwa hiyo chombo hiki kinachodaiwa kuondoa kazi ya mtu kimeleta kazi ambayo misikiti mikubwa ya zamani iliajiri mtu maalumu kuifanya. Waliitwa muwaqqit, watunza nyakati. Ibn Shatir, mnajimu mkubwa wa karne ya 14, alikuwa muwaqqit wa msikiti wa Bani Umayya, Damascus, na mizani ya kivuli aliyoutengenezea mnara wa msikiti ule ni ya mwaka 1371.

Sisi hatuna Ibn Shatir. Tuna kijana anayebadilisha nyakati za swala kwenye ubao pale mlangoni, na kazi ameongezewa yeye. Taima tuliyofunga ina betri. Kila Ijumaa, watu wakishatoka, anafungua boksi, analinganisha saa na ubao, anasogeza panapohitajika. Mzee aliyetoa lile pingamizi alitaka jambo moja liandikwe katika kumbukumbu za kikao, kwamba kijana huyo ahimizwe kunuia kila anapofungua boksi, na likaandikwa. Mwezi wa Ramadhani alisogeza muda wa usiku kwa ajili ya Tarawehe. Feni za kina mama, nane hadi sasa, hazikuwekwa kwenye taima. Swichi yao iko ghorofani, na wanaizima wenyewe.